Ordinatere ya nyumbani ikikataa kuwaka, tuanzie wapi?

Hapa Muhumba ordinatere nyingi zinakufa usiku, wakati umeme unarudi. Mchana kutwa hakuna kitu. Halafu saa mbili za usiku watoto wanapiga kelele ya furaha, friji, pasi na televizyo vinawaka pamoja, na umeme unaingia na nguvu za kupita kiasi, ao unaingia ule wa kulegea, taa inabaki nyekundu kama kaa la moto. Ordinatere iliyobaki mu priza njo inapokea hiyo yote.

Inashangaza kidogo, maana mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa kwetu. Ruzizi I inafanya kazi tangu 1958, karibu megawati 30, na Ruzizi II, tunayoigawana na Rwanda na Burundi, tangu 1989. Lakini mji umekuwa mkubwa kuliko mashine hizo. Basi munapoona umeme umekatika, mutoe waya mu priza. Ukirudi, mungojee dakika tano ao kumi mbele ya kurudisha. Stabilizatere nzuri ni bei, lakini ordinatere ni bei zaidi.

Sisi wa sendika ya wafanyakazi wa migodi tunaandika juu ya mambo haya kwani kazi yetu imeingia ndani ya ile sanduku. Zamani tulikuwa na madaftari. Leo orodha ya wanachama, michango, barua kwa inspeksyo ya kazi, majina ya wenzetu walioumia mu shimo, vyote viko kwenye disk. Mwaka uliopita ordinatere yetu, iliyo mu nyumba ya mwenzetu hapa Muhumba, ilikataa kuwaka siku tatu mbele ya tarehe ya kupeleka dosye ya mjane mmoja. Fundi mmoja aliigusa dakika mbili tu, akasema: «Papa, disk imekufa, leteni dola mia moja na makumi tano.» Mama mjane alikuwa amekaa pale, anasikia.

Tulikataa kulipa. Disk iliyokufa haizuie kioo kuandika hata neno moja, na kioo chetu kilikuwa cheusi kabisa. Hapo njo pa kuanzia: muangalie ordinatere inafika wapi.

Kama haina hata taa moja, shida iko kwa umeme. Mujaribu priza ingine na taa ya mezani, mutoe ralonji, mubadilishe waya. Ordinatere ya mezani, kwa nyuma, ina mara ingine kibatani chekundu cha 115 na 230. Zile zinazotoka Marekani zinafika zikiwa kwa 115. Ukiziingiza kwa umeme wetu wa volti 220, utasikia mlio mmoja tu na moshi. Ile ya mkononi, mutoe shaja na batri kama inatoka, mufinye kibatani cha kuwasha sekunde makumi tatu, halafu murudishe shaja peke yake. Mingi inaamka hapo. Lakini sanduku la umeme lenyewe la ordinatere ya mezani musilifungue: linabakiza umeme hata likiwa nje ya priza.

Kama feni inazunguka na kioo ni cheusi, mujaribu kwanza kioo kingine na waya wake. Kisha mubareti za memwari. Hiyo ndiyo ilikuwa yetu. Mutoe waya wa umeme, muguse chuma cha sanduku ili umeme wa mwili utoke, mufungue vile vibano viwili, bareti inaruka. Meno yake ya manjano yamepakwa dhahabu, dhahabu ya kweli, kidogo sana. Mwenzetu aliyezaliwa Kamituga alicheka: kumbe tunaisugua na gome ya mtoto wa shule! Ndiyo, gome nyeupe, polepole, mupulize vumbi, murudishe mpaka vibano vilie. Kama ziko mbili, mujaribu moja moja. Ordinatere inayolia bip bip inasema kitu kile kile mara nyingi.

Tulipoiona ikiwa wazi tulionyeshana mambo. Vile vidonge vidogo vya kondansatere, vingine ni vya tantale, inayotoka mu koltani. Ile suduri inayong'aa ni etani, kasiterite yetu. Batri za zile za mkononi, kobalti ya Kolwezi. Mwaka 2010 Marekani walitunga sheria juu ya madini hayo, na mwaka ule ule, mwezi wa tisa, Kinshasa ilifunga machimbo ya Kivu na Maniema mpaka mwezi wa tatu 2011. Wachimbaji walirudi nyumbani mikono mitupu. Mtu anayenunua ordinatere hapa mjini analipa mara ya pili kitu kilichotoka kwenye mlima wake.

Turudi. Kama kioo kinaandika kwamba hakioni disk ya kuanzia, mutoe kwanza kle USB iliyosahauliwa. Saa na tarehe zikirudi nyuma kila siku, ni kale kabatri ka mviringo, CR2032, ka bei ndogo. Kama Windows inaanza na kukwama, muiache ikwame mara mbili tatu, itafungua yenyewe «Réparation automatique», mujaribu pale «mode sans échec».

Disk ikilia tak tak tak, hapo musijaribu tena. Kila kuwasha kunaila. Muitoe, muiweke mu ordinatere ingine kama disk ya pili, mukopie kwanza yale ya lazima. Na kama mutaipeleka kwa fundi, mupatane bei mbele hajafungua, na kile alichobadilisha akirudishe mu mikono yenu.

Dosye ya mama mjane ilifika siku ya mwisho, saa nane. Sasa tuko na kopi mbili kwenye kle, moja inalala mu nyumba ingine, kule Nguba.