Mbolea Itiwe Shamba Lipi?

Mkulima mwenye mashamba mawili na gunia moja la mbolea hana budi kuamua. Shamba la kwanza liko bondeni karibu na mto, na udongo wake ni mzuri. Akilitia mbolea atavuna sana mwaka huu. Shamba la pili liko juu, limechoka. Likitiwa mbolea litazaa kidogo tu, lakini likiachwa litazidi kuharibika. Shauri hili ndilo lililozikabili Serikali zote za Kenya tangu miaka ya 1950, ila mbolea yake ni fedha za kodi, na mashamba yake ni nchi zenye watu ndani yake.

Mwaka 1954 Bwana Swynnerton, wa Idara ya Kilimo, alitoa mpango mkubwa wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, na Serikali ya Uingereza ikatoa pauni milioni 5. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika vilikusanywa pamoja, wenyewe wakapewa hati, na Waafrika wengi wakaruhusiwa kupanda kahawa, zao ambalo kwa muda mrefu walikuwa wamezuiwa kulipanda. Kahawa ililipa karo za watoto wengi. Lakini mpango wenyewe ulisema wazi kwamba mkulima hodari au tajiri ataweza kuongeza ardhi, na aliye dhaifu atapungukiwa, hata pawe na wenye ardhi na wasio nayo. Tena, katika nchi ya Wakikuyu kazi hiyo ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, wanaume wengi wakiwa kizuizini, na wako waliorudi wakakuta ardhi imekwisha kugawanywa.

Kuanzia mwaka 1962 ulifuata mpango wa ekari milioni 1. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa, yakakatwa, na jamaa zipatazo 35,000 zikakaa humo. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo ardhi haikutolewa bure. Kila mmoja alichukua deni, na wengi walishindwa kulilipa kwa wakati. Asiyekuwa na kitu kabisa hakuona mlango wa kuingilia.

Mwaka 1965, Bwana Tom Mboya akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, Serikali ilitoa Waraka Namba 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Waraka ulinena kwamba fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapoleta faida kubwa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu walio tayari, ili faida hiyo isaidie sehemu nyingine baadaye. Basi mbolea ikatiwa shamba la bondeni. Bondeni palisitawi, lakini huko juu, Turkana, Mandera na Marsabit, watu walingoja barabara na maji kwa miaka mingi. Wahenga walisema kweli: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mwaka 2003 Serikali ilifuta karo katika shule za msingi. Watoto walioandikwa walizidi milioni 7, nao kabla ya hapo hawakufika milioni 6. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret, na habari zake zikaenea duniani. Lakini madarasa yalijaa mno, na mtoto wa mfugaji aliye mbali na shule hakusaidiwa na kufutwa kwa karo peke yake. Aliyekosa ada alifunguliwa mlango. Aliyekosa shule alibaki pale pale.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilijaribu kugeuza mambo. Iliagiza kwamba kaunti 47 zipewe kila mwaka fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya Serikali yaliyokaguliwa. Zaidi ya hayo iliweka Hazina ya Usawazishaji, asilimia 0.5 ya mapato, kwa ajili ya maji, barabara, hospitali na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Mwanzoni zilichaguliwa kaunti 14, zikiwamo Wajir, Tana River na Kwale. Baadaye ilionekana kwamba hata katika kaunti yenye neema mna vijiji vyenye kiu. Kwa hiyo sera ya pili ilitazama sehemu ndogo ndogo katika kaunti 34.

Ahadi ni deni, na deni hili limelipwa polepole. Fedha zilichelewa, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilibatilisha maagizo yaliyotungwa ya kuendesha Hazina hiyo. Katiba iliipa miaka 20 tu. Muda huo unakwisha mwaka 2030, isipokuwa Bunge liuongeze. Kisima kisichochimbwa katika muda huo hakiwezi kuchimbwa kwa maneno.

Katika safari hii yote yako mafunzo mawili. La kwanza, kumsaidia aliye tayari huongeza mali ya nchi, lakini hakupunguzi pengo kwa nafsi yake. Pengo hupungua pale tu fungu la aliye nyuma linapoandikwa katika sheria. La pili, sheria haitembei kwa miguu yake. Karani huandika orodha ya vijiji, na mkulima huketi katika baraza la bajeti, kwa maana Katiba imempa haki ya kusikilizwa. Karani akikiacha kijiji nje ya orodha, au mkulima akikaa kimya, gunia la mbolea litarudi bondeni kama zamani, na mama wa Wajir ataendelea kubeba maji kutoka mbali.