Mwana Anapopasuliwa Moyo: Maswali Yahusuyo Damu

Mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu ya takriban mililita 250, isiyojaza hata chupa ya soda. Akizaliwa na tundu moyoni, ikabidi apasuliwe, mabingwa huhofia kutokwa damu kama wauhofiavyo moyo wenyewe.

Moyo ukisimamishwa, damu huzungushwa na mashine iliyo nje ya mwili. Ili isigande ndani ya mipira, mtoto hutiwa dawa ya heparini. Mipira nayo hujazwa maji ya dawa, hivyo damu yake huzimuliwa, na chembe sahani zinazoigandisha hupungua. Mwili ukipozwa, damu huzidi kukawia kuganda. Kazi ikiisha, hupewa protamini ivunjayo nguvu za heparini, hupashwa joto, na damu hupimwa ili aongezewe kilichopungua. Mpira ulioachwa kifuani huonyesha damu itokayo. Ikizidi, hurudishwa chumbani utafutwe mshipa unaovuja. Kurudishwa huko peke yake si dalili ya uzembe.

Heparini hiyo kwa kawaida hutokana na matumbo ya nguruwe. Akina mama huliuliza jambo hili kwa kunong'ona, nalo ni swali la haki, liulizwe wazi. Wapo wanazuoni walioiruhusu kwa dharura, wakitegemea aya ya 173 ya Suratul Baqara. Wengine hutaja istihala, yaani kitu kugeuka dhati yake. Atakaye utulivu na amwendee shekhe wake mapema, asingoje asubuhi ya upasuaji.

Lisahauliwalo zaidi ni historia ya damu katika ukoo, na hapa mama na nyanya ndio wenye elimu kuliko mashine yoyote. Je, yuko mjomba aliyetokwa damu siku nyingi baada ya kutahiriwa? Binti mwenye hedhi nzito kupita kiasi? Mtoto anayevilia damu bila ya kugongwa? Haya husitiriwa kwa haya, ilhali hemofilia hurithiwa kupitia kwa mama, hata asiyeugua. Itajwe pia kila dawa anayopewa mtoto: aspirini, mafuta ya habasoda, kitunguu saumu, mitishamba. Aspirini isikatizwe bila ya amri ya daktari, kwani wapo watoto wa moyo wanaoihitaji.

Kisha jamaa waulize hospitali siku hasa ya kuchangia damu. Chembe sahani huhifadhika siku chache tu, kwa kawaida 5. Damu iliyotolewa mwezi uliopita haitampatia mtoto chembe hizo.