Tofauti ya maana na matumizi: ‘Hajapatikana’ na ‘hakupatikana’

Baadhi ya watumiaji wa Kiswahili, wakiwamo wanahabari, huyatumia maneno ‘hajapatikana’ na ‘hakupatikana’ kana kwamba yana maana moja. Ni kweli kwamba yote mawili hurejelea mtu au kitu kilichotafutwa kisionekane. Hata hivyo, tofauti ya kiambishi kimoja tu, -ja- au -ku-, hutosha kubainisha iwapo msako ungali unaendelea au umefikia kikomo.

Kisarufi, -ja- hukanusha hali timilifu ya -me-, ilhali -ku- hukanusha wakati uliopita wa -li-. Ukanusho wa ‘amepatikana’ ni ‘hajapatikana’, na ule wa ‘alipatikana’ ni ‘hakupatikana’. Kwa kuwa -me- hufungamana na wakati wa sasa, -ja- hudokeza kwamba jambo halijatendeka hadi sasa, ila lingali linatazamiwa. Ndiyo maana neno ‘bado’ huandamana nalo bila kutatiza: ‘bado hajapatikana’. Kinyume chake, ‘bado hakupatikana’ ni kauli inayojipinga yenyewe.

Chukua mfano wa Vitengeni, katika eneo la Ganze, Kaunti ya Kilifi, ambako ukame si mgeni. Mafundi wa kuchimba kisima wakitangaza kuwa maji hayajapatikana, wanakijiji hutarajia uchimbaji uendelee. Wakitangaza kuwa maji hayakupatikana, kina mama hutambua kwamba safari za kwenda kuteka maji mbali zingali zinawangoja. Hali ni iyo hiyo kwa mfugaji ambaye mbuzi wake hakurudi zizini jioni. Madhali anasema ‘hajapatikana’, vijana watazidi kupekua vichaka. Siku atakaposema ‘hakupatikana’, atakuwa anasimulia hasara.

Maneno haya yasichanganywe na ‘hapatikani’, ambalo hueleza hali ya jumla au ya kawaida. Sukari isiyopatikana madukani haijapotea, imeadimika tu. Kwa mintarafu hiyo, ‘watu wasiopatikana’ ni kauli yenye utata, kwani yaweza kumaanisha watu ambao ni vigumu kuonana nao. Mwandishi anayekusudia waliopotea na ambao wangali wanatafutwa hana budi kuandika ‘watu ambao hawajapatikana’.

Aghalabu kosa hutokea katika usemi wa taarifa. Afisa husema, “Watu watatu hawajapatikana.” Mwandishi, kwa kudhani kwamba kila kitenzi sharti kirudishwe katika wakati uliopita, huandika: ‘Afisa huyo alisema kuwa watu watatu hawakupatikana.’ Hapo matamshi ya afisa yamepotoshwa, kwa sababu msako uliokuwa ukiendelea sasa unaonekana kuwa ulikwisha. Ikiwa hali haijabadilika, yafaa kuandika ‘alisema kuwa watu watatu hawajapatikana’. Ikiwa imebadilika, ‘walikuwa hawajapatikana’ ndiyo kauli sahihi.

Umuhimu wa tofauti hii ulidhihirika katika kaunti iyo hiyo ya Kilifi, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola mnamo Aprili 2023. Zaidi ya miili 400 ilitolewa makaburini. Shirika la Msalaba Mwekundu lilifungua dawati mjini Malindi, na zaidi ya watu 600 wakaripotiwa kuwa wamepotea. Kwa jamaa waliokwenda kuandikisha majina ya wapendwa wao, ‘hajapatikana’ lilikuwa neno la mtu ambaye bado anangoja. Kuandika ‘hakupatikana’ kungekuwa kumfungia mlango kabla hajapewa jibu.

Mkasa huo ulihitaji neno jingine pia. Mwili waweza kuwa umepatikana ilhali mwenyewe hajatambuliwa. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili ya jamaa zao Machi 2024, baada ya uchunguzi wa DNA. Takriban mwaka mzima ulikuwa umepita tangu ufukuaji uanze. Katika kipindi hicho, gazeti lililoandika kwamba miili ‘haikutambuliwa’ lingewaambia wasomaji kuwa kazi ya kuitambua ilishindikana, hali ilikuwa ingali inaendelea. Kauli iliyofaa ni ‘haijatambuliwa’.

Haimaanishi kwamba -ja- ni ahadi. Anayesema ‘hajapatikana’ hathibitishi kuwa anayetafutwa yu hai, wala kwamba ataonekana kesho. Anachosema ni kuwa hadi wakati wa kunena, jambo hilo halijakamilika na halijafungwa. Kwa hivyo, mwandishi asilitumie -ku- mpaka wahusika wenyewe wawe wametangaza kwamba msako umekoma. Uamuzi huo ni wa wanaotafuta, si wa anayeandika habari.