Vichezeo Vinavyotimizwa kwa Mikono ya Vijana Wetu



Mara nyingi mzazi huona chini ya kitanda cha mwanawe waya, visoda na makopo matupu, akaviita takataka, akaamuru vitupwe. Huenda ndivyo vilivyo. Lakini huenda pia amri hiyo yatupa pamoja navyo karakana ya kwanza ya fundi. Kwa hiyo jambo hili lastahili kufikiriwa na kila nyumba.

Katika mkoa wa Singida hupita malori makubwa yaendayo Rwanda na Burundi. Watoto huyatazama, kisha huyaunda upya: fremu ni ya waya, bodi ni kopo au dumu la mafuta ya alizeti, na magurudumu ni visoda au kandambili zilizochakaa. Wala hawaridhiki na umbo tupu. Huongeza taa, vioo na vipande vya mpira vya kuzuia tope. Hiyo ndiyo tabia ya fundi, kutafuta kile kidogo kinachokifanya kitu kifanane na asili yake.

Huko Japani, kampuni ya Bandai ilianza mwaka 1980 kuuza roboti za plastiki ziitwazo Gundam, ambazo mnunuzi huziunganisha mwenyewe kipande kwa kipande. Wapenzi wake wengi hawakomei hapo. Hukata plastiki nyembamba na kuongeza mabomba, ngazi na vifuniko. Roboti hiyo katika hadithi yake ina urefu wa mita 18, na mfano wake mdogo ni sehemu moja ya 144, yaani sentimita 12 na nusu. Kwa kipimo hicho, mlango wa mita 2 huwa kama milimita 14, na nafasi ya sentimita 30 baina ya vipandio vya ngazi huwa milimita 2 tu. Akipuuza hesabu hiyo, kijana atamgeuza jitu kuwa kibeti.

Kijana mwenye roboti ya dukani aweza kufanya vivyo hivyo. Kwanza akate kipande cha karatasi, akijaribu mahali pake, ndipo akate plastiki. Mrija wa kalamu iliyokwisha wino wafaa kuwa bomba, lakini bomba hilo liwe na litokako na liendako. Pambo lisilo na kazi halimdanganyi mtazamaji. Mkono mmoja usizidishiwe uzito, roboti isije ikapinduka. Kabla ya rangi, aioshe kwa sabuni kuondoa mafuta, aikwangue kidogo kwa msasa, kisha apake rangi nyembamba mara mbili. Tena ajue kwamba plastiki si aina moja: ile ya dumu haishiki gundi ya kawaida, na ndiyo sababu kuifunga kwa waya, kama wafanyavyo watoto wa malori, ni akili njema. Wembe utumiwe mbele ya mkubwa, na plastiki isichomwe, kwani moshi wake hudhuru.

Pengine mzazi atauliza kama mchezo huu si upuuzi. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Mtume (s.a.w.) alipouliza habari za mbawa hizo, Bibi Aisha alimkumbusha farasi wa Nabii Sulaiman, naye Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Hakukemea wala hakuamuru kitupwe.

Na michezo huzaa kazi. Mwaka 2013, mjini Kinshasa, zilisimamishwa njia panda roboti za kuongoza magari, zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay na wenzake. Basi mabinti nao wasizuiliwe kushika koleo. Mkono uliozoea kupima milimita 2 hautaona ugeni siku ukiingia chuo cha ufundi.

Twawausia wazazi: mpeni mtoto sanduku moja la vipande vyake, na saa moja baada ya masomo na sala. Akimaliza, mwulizeni kila kipande kina kazi gani, mumsikilize. Gharama yake ni ndogo. Faida yake, inshallah, itakaa mikononi mwake maisha yake yote.