Kwa nini taa za Kanengo zinategemea korongo la Mto Shire

Umeme ukikatika katika mtaa mmoja wa Kanengo au kwenye mashine za kusaga za Dzaleka, huenda ni waya tu ulioanguka. Lakini unapotangazwa mgao wa nchi nzima, kisa chake aghalabu huanzia kusini mwa Malawi, katika korongo la Mto Shire.

Shire ndio mto pekee unaotoa maji ya Ziwa Malawi. Hupita Mangochi na Liwonde kwa utulivu, kisha kati ya Matope na Kapichira, mwendo wa takriban kilomita 80, huporomoka karibu mita 380 juu ya miamba migumu ya kale. Maporomoko hayo ni mpaka hata kwa samaki. Jamii nyingi za Mto Zambezi haziwezi kuyapanda, na hivyo chambo na wenzake wamebaki na ziwa lao. Mikunga, wanaozaliwa baharini, ni miongoni mwa wachache wanaofaulu.

Januari 1859, David Livingstone alizuiwa hapo Kapichira akiwa na meli yake ya moshi, Ma Robert. Aliyaita maporomoko hayo Murchison, kana kwamba wenyeji hawakuwa na majina yao, na ziwani akafika kwa miguu mwezi Septemba. Meli nyingine, Lady Nyassa, ilikusudiwa kubebwa vipande vipande kupita korongo, lakini serikali ya Uingereza ikasitisha safari hiyo mwaka 1863. Mwaka 1875 wamisionari wa Uskoti walifaulu kuivusha Ilala kwa namna hiyohiyo. Vitabu humtaja kiongozi wao, E. D. Young, mamia ya wapagazi walioibeba hutajwa kwa idadi tu.

Mteremko uliozuia meli ndio unaozungusha mitambo. Kituo cha Nkula kilianza mwaka 1966, Tedzani 1973 na Kapichira 2000. Maji ni yaleyale, yakitoka kituo kimoja kwenda kingine, kwa hiyo ziwa likipungua, vyote huathirika. Si hofu ya kubuni: kati ya mwaka 1915 na 1935 ziwa lilishuka kiasi kwamba karibu halikutoa maji kabisa. Banio la Liwonde, lililojengwa mwaka 1965, husaidia kupima maji yanayoshuka, lakini haliwezi kuleta mvua.

Mvua ikizidi nayo ni balaa. Januari 2022, mafuriko ya dhoruba Ana yalibomoa tuta la bwawa la Kapichira, na takriban megawati 130 zikatoweka kwenye gridi, karibu theluthi ya umeme wa taifa. Kituo kilirejea kazini mwaka 2023.

Hata bila dhoruba, magugu maji na mchanga huziba njia za maji. Vilima vya bonde hilo hukatwa miti kwa ajili ya mashamba na mkaa, mvua ikasomba udongo hadi mabwawani; na anayekosa umeme, hununua mkaa.

Mitambo ya jua ya Salima na Golomoti imeanza kupunguza mzigo huo wakati wa mchana. Mradi mkubwa unaopangwa, bwawa la Mpatamanga lenye zaidi ya megawati 350, utajengwa kati ya Tedzani na Kapichira, katika korongo lilelile.