Tathmini ya mazingira: Somo la delta ya Rufiji kwa wajenzi wa maghorofa

MKULIMA wa mpunga katika bonde la Rufiji hajengi kibanda chake cha shambani juu ya ardhi tupu. Hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza hutaka kujua jambo moja: maji ya mafuriko yaliyopita yalifika wapi.

Nguzo zikiwa fupi, maji yatamkuta kitandani. Ndiyo maana swali hilo huulizwa kabla ya ujenzi, na huulizwa kwa wale walioyaona maji yenyewe.

Mambo hayo mawili, yaani kuuliza mapema na kumuuliza anayejua, ndiyo kiini cha utaratibu ambao kisheria huitwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Kwa wakazi wengi wa mijini jina hilo hukumbusha majalada mazito na mihuri ya ofisini. Hata hivyo, ni utaratibu unaomgusa kila anayeishi jirani na kiwanja ambacho kesho kitaota ghorofa kumi.

Tanzania haikuupata utaratibu huo kwa siku moja. Sehemu ya historia yake imeandikwa katika tope la delta ya Rufiji, eneo ambalo leo kwa sehemu kubwa limo katika Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji.

Delta hiyo ina msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, ambao ni mkubwa kuliko mingine yote ya mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti zilizokatwa humo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Zanzibar na Arabuni, zikaezeka dari za nyumba za mawe. Upana wa vyumba vingi vya Mji Mkongwe ulifuata urefu wa boriti hizo.

Kwa maneno mengine, delta ya Rufiji ilikuwa ikijenga miji kabla ya saruji na nondo.

Lakini kazi kubwa ya mikoko haionekani kwa macho. Kambamiti hutaga baharini, kisha vifaranga wao huletwa na maji hadi katika vijito vya mikoko, hujificha na kukua katikati ya mizizi, halafu hurudi baharini ambako huvuliwa. Mikoko ikiondolewa, mvuvi aliye mbali na delta hupata hasara bila kujua ilikoanzia.

Aidha, maisha ya bondeni yamefungamana na mafuriko. Mto unapofurika huacha udongo wenye rutuba na unyevu, na maji yakishapungua wakulima hupanda mazao kwa kilimo kiitwacho mlau. Mafuriko hayohayo yanayobomoa nyumba ndiyo yanayojaza maghala.

Waliopanga maendeleo ya eneo hilo hawakuuona ukweli huo kila mara. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, iliyowahamisha wakazi kutoka bondeni kwenda katika vijiji vipya kwenye miinuko.

Nia ilikuwa njema: kuwaepusha watu na maafa na kuwafikishia shule, zahanati na maji ya bomba. Tatizo ni kwamba mashamba hayakuhama. Wakulima wengi waliendelea kushuka bondeni kila msimu na kuishi kwenye madungu ili kulinda mazao yao dhidi ya ngiri, nyani na viboko, na familia zikawa zimegawanyika kati ya nyumba ya kijijini na kibanda cha shambani.

Wakati huo hapakuwa na sheria iliyomlazimu mpangaji kuuliza, kabla ya kuhamisha kaya hata moja, watu hao watakula nini na shamba litalindwa na nani.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja katika miaka ya 1990. Kampuni ya African Fishing Company iliomba eneo ndani ya delta kwa ajili ya mradi wa kufuga kambamiti. Mabwawa peke yake yalikusudiwa kuchukua hekta zipatazo 10,000, na uwekezaji ulikadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 192.

Kwa nchi iliyokuwa ikitafuta wawekezaji kwa udi na uvumba, hiyo haikuwa habari ndogo. Mradi uliahidi ajira na fedha za kigeni kwa kuuza kambamiti nje ya nchi.

Kwa upande mwingine, uzoefu wa dunia ulikuwa umeshatoa onyo. Ufugaji wa kambamiti nchini Taiwan ulikuwa umeanguka mwaka 1988 kwa sababu ya magonjwa. Ecuador, iliyokuwa imekata sehemu kubwa ya mikoko yake ili kuchimba mabwawa, ilikuja kukumbwa na ugonjwa wa madoa meupe mwaka 1999 na uzalishaji wake ukaporomoka.

Sababu za kitaalamu si ngumu kuzielewa. Udongo wa mikoko ukifukuliwa na kupata hewa hutengeneza tindikali inayodhuru viumbe wa majini. Mabaki ya chakula na kinyesi kutoka mabwawani hutiririshwa katika vijito vilevile vinavyotegemewa na wavuvi, na ugonjwa ukiingia katika bwawa moja husafiri na maji kwenda katika jingine.

Taarifa ya tathmini ya mradi huo iliandaliwa, ikafikishwa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Wataalamu walioipitia walishauri mradi usiruhusiwe.

Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1997 Serikali iliupitisha kwa masharti.

Swali lililoulizwa na wengi wakati huo lilikuwa hili: Kama wataalamu wa taifa wamekataa, mradi umepitaje? Jibu lilikuwa katika sheria. NEMC iliundwa kwa sheria ya mwaka 1983 ikiwa chombo cha ushauri, na ushauri ni kitu ambacho mshauriwa anaweza kukipokea au kukiweka kabatini. Tathmini ilifanyika, lakini haikuwa na meno.

Wakazi wa delta hawakukaa kimya. Wakisaidiwa na chama cha wanasheria watetezi wa mazingira, LEAT, walikwenda Mahakama Kuu kuupinga mradi huo. Waandishi wa habari za mazingira na mashirika ya ndani na nje ya nchi nao walipaza sauti. Mabwawa yaliyokusudiwa hayakuchimbwa, na mradi ukafa bila kutekelezwa.

Itakuwa si haki kuwachora wanavijiji kama malaika wa msitu. Baada ya mkondo mkuu wa mto kuhamia upande wa kaskazini katika miaka ya 1970, maji baridi yaliongezeka huko na wakulima wakafyeka mikoko ili kulima mpunga. Mgogoro kati yao na wasimamizi wa misitu umeendelea kwa miaka mingi. Lakini hilo linathibitisha hoja ileile: mpango usioanza na namna watu wanavyoishi hautailinda mikoko wala kuwalinda watu.

Mwaka 2004 mambo mawili yalitokea. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Na Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka huo.

Sheria hiyo ililipa jino lile lililokosekana mwaka 1997. Iliagiza kwamba tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza kutekelezwa au kugharamiwa, na kwamba leseni au kibali kutoka mamlaka nyingine hakimpi mwekezaji ruhusa ya kuendelea bila cheti cha mazingira. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2005 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018.

Utaratibu wenyewe huenda kwa hatua. Kwanza mradi huchujwa ili kujulikana kama unahitaji tathmini kamili au la, kulingana na ukubwa wake, aina yake na mahali ulipo. Kisha hubainishwa masuala mazito yanayopaswa kuchunguzwa, na mtaalamu aliyesajiliwa hupewa hadidu za rejea.

Mtaalamu huyo hutakiwa kueleza hali ya eneo ilivyo kabla ya mradi, athari zinazotarajiwa, njia mbadala ikiwamo ile ya kutojenga kabisa, na mpango wa kupunguza madhara. Hutakiwa pia kukutana na watu watakaoguswa na mradi na kuyaweka maoni yao katika taarifa.

Baada ya hapo taarifa hupitiwa na jopo la wataalamu wa fani mbalimbali, na pale inapobidi huitishwa mkutano wa hadhara. Uamuzi ukiwa wa kukubali, cheti hutolewa pamoja na masharti, na utekelezaji wake hukaguliwa.

Mwekezaji ndiye anayemlipa mtaalamu. Huo ndio udhaifu unaotajwa mara nyingi, kwa kuwa si rahisi kwa aliyelipwa kumwambia mlipaji kwamba mradi wake haufai. Ndiyo maana hatua za mapitio na za kusikiliza wananchi zina uzito: hapo ndipo wasiolipwa na mwekezaji hupata nafasi ya kusema.

Rufiji imeonyesha pia kwamba athari haziishii kwenye uzio wa mradi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022 na kuanza kutoa umeme mwaka 2024. Manufaa yake kwa gridi ya taifa yanafahamika. Lakini bwawa lolote hubadilisha nyakati za maji na huzuia sehemu ya udongo ambao mto ulikuwa ukiupeleka chini, na kwa wanaoishi deltani udongo huo ndio shamba.

Mwaka 2024, mvua kubwa zilipoandamana na maji yaliyofunguliwa bwawani, mafuriko yaliyakumba maeneo ya Rufiji na Kibiti na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi wala mazao. Mjadala uliofuata ulirudi palepale: nani alipewa taarifa, na aliipata lini?

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kudhani kwamba hayo ni ya mbali. Si ya mbali. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, na tangu huduma hiyo ianze mwaka 2016 imefurika mara kadhaa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwafanya wakazi wa mabondeni jijini kuhamishiwa Mabwepande, na kama ilivyokuwa Rufiji mwaka 1968, wapo waliolalamika kwamba nyumba imehama lakini riziki imebaki mjini.

Jengo refu la makazi linapopangwa katika mtaa wa nyumba za chini, maswali ni yaleyale ya dungu. Maji ya kaya 80 yatatoka wapi mahali palipokuwa na kaya mbili? Majitaka yatakwenda wapi, ilhali sehemu kubwa ya jiji bado inategemea makaro? Maji ya mvua yaliyokuwa yakizama ardhini yataelekea katika ua wa nani baada ya kiwanja chote kumwagiwa zege? Uchimbaji wa msingi utafanya nini kwenye ukuta na kisima cha jirani? Magari yataegeshwa wapi, na gari la zimamoto litapita njia gani?

Hayo ni maswali ambayo jirani anaweza kuyajibu vizuri kuliko mtaalamu aliyefika kwa siku mbili. Jirani anajua mtaro gani huziba kila masika na ukuta gani ulipata ufa mwaka gani.

Kwa hiyo tangazo la mkutano linapobandikwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, au mtu mwenye dodoso anapogonga mlango akiuliza maoni kuhusu mradi, huo si usumbufu. Ndiyo nafasi ya kisheria ya kusema. Mwananchi anaweza kuomba kuona taarifa ya tathmini, kuwasilisha maoni yake kwa maandishi na kuuliza masharti yaliyomo katika cheti. Mjumbe wa serikali ya mtaa anayetia saini mahudhurio ya mkutano ambao haukufanyika huwa ameuza sauti ya mtaa mzima.

Nafasi hiyo ina muda wake. Nguzo za zege zikishasimama, malalamiko hugeuka kuwa kesi, na kesi ni ndefu na ya gharama. Wakazi wa delta walilazimika kwenda Mahakama Kuu kwa sababu uamuzi ulikuwa umeshatolewa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Bondeni Rufiji, anayejenga dungu bila kuuliza kimo cha maji hupata jibu lake msimu unaofuata. Mjini jibu huchelewa kidogo, na mara nyingi humfikia jirani wakati aliyejenga amekwisha kuuza fleti zake zote.