Sumbawanga maana yake tupa uchawi: kamchape, kusafisha nyota na pesa zetu

Leo naomba tuongee jambo ambalo sisi watu wa Rukwa tumeshachoka kutaniwa nalo. Ukiwa Dar, Mwanza au hata Arusha, ukisema tu kwamba umetoka Sumbawanga, mtu anarudi hatua moja nyuma halafu anacheka: "Aisee, wazee wa radi!" Kwenye nguzo za umeme kuna matangazo ya "Mganga kutoka Sumbawanga" na namba za simu, na nina wasiwasi wengi wao hata Namanyere hawajawahi kufika. Utani wenyewe siyo tatizo. Tatizo ni kwamba nyuma ya utani kuna biashara, na nyuma ya biashara kuna watu wanaoumia. Kwa hiyo nitaeleza suala zima la kusafishwa: limetoka wapi, linafanyaje kazi, lipi halina ubaya na lipi ni la kukimbia.

Tuanze na jina. Wazee wetu husimulia kwamba kwa Kifipa "sumba" ni tupa na "wanga" ni uchawi. Sumbawanga, yaani tupa uchawi. Kabla hujaingia hapa, acha nje ulichobeba. Jina lilikuwa onyo kwa wachawi, leo limegeuzwa kuwa anwani yao!

Na hizo radi? Uwanda wa Ufipa uko juu, mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, katikati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Sehemu kubwa ni nyasi tupu, miti michache. Mvua za ngurumo za Novemba mpaka Aprili zinapokuja, kinachosimama juu peke yake ndicho kinachopigwa: mti wa pekee, nyumba ya kilimani, mtu anayetoka shambani na jembe begani. Huhitaji mchawi hapo. Unahitaji kuondoka chini ya mti, na shule zinahitaji vizuia radi.

Sasa tuje kwenye majira. Mkulima wa Ufipa mwaka wake una mwanzo na mwisho unaoonekana kwa macho. Mvua zikielekea kuisha watu hufukia nyasi kwenye matuta ya mviringo, yale tunayoyaita intumba. Zile nyasi zinaoza ndani na kuwa mbolea ya msimu unaofuata. Halafu kiangazi, mavuno, pombe ya ulezi, harusi. Halafu mbegu tena. Mtu anayeishi hivyo ni kawaida kutaka kufunga hesabu za mwaka na moyo wake pia: ugomvi uishe, mkosi uondoke, shamba lianze upya.

Ndiyo maana toka zamani kazi kubwa zilitanguliwa na usafi. Mafundi wa chuma waliojenga yale malungu, tanuru za udongo zinazofika kama mita tatu kwenda juu, walifanya kazi yao kiangazi. Kabla ya kuwasha moto waliweka dawa ndani ya tanuru, na walijizuia na tendo la ndoa mpaka kazi iishe. Majirani zetu wa Katavi wanao mkwaju wao karibu na Ziwa Katavi, ambapo watu huacha sadaka kwa roho ya Katabi, na mbuga ya taifa imechukua jina hilo. Kisha wamisionari wa White Fathers wakafika Karema mwaka 1885, na leo Wafipa wengi ni Wakatoliki. Lakini ukiangalia vizuri, hamu ya kusafishwa kwa msimu haikuondoka. Kuna Jumatano ya Majivu, kuna Kwaresima, kuna maji ya baraka ya Pasaka, na kuna sala ya kubariki mbegu. Jirani yangu Mwislamu naye ana Ramadhani yake. Haya yote nayaheshimu. Ukitoka hapo hakuna aliyenyang'anywa shamba wala kuitwa mchawi.

Kasheshe inaanza pale usafi unapohitaji mtu mchafu wa kuonyeshwa kidole.

Miaka ya 1930 lilitokea vuguvugu la mchape kule Nyasaland (Malawi ya leo), likaingia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na kusambaa zaidi. Neno lenyewe linatokana na kuchapa, ambalo kwa Kinyanja ni kufua. Yaani watu wanafuliwa kama nguo! Walikuja vijana waliovaa nadhifu, wanakijiji wakapangwa mstari, kijana anatazama kwenye kioo na kusema nani ana uchawi. Kisha watu wananywa dawa nyekundu yenye povu, na waliambiwa kwamba mtu akiinywa halafu akarudia uchawi atakufa. Pembe na hirizi zilikusanywa na kurundikwa. Mtafiti wa Kiingereza, Audrey Richards, aliyekuwa kwa Wabemba wakati huo, alizichunguza pembe hizo. Kumbe nyingi mno zilikuwa dawa za kawaida, za kinga na matibabu! Lakini zilishatosha kuwa ushahidi.

Kwetu Ufipa likaja kwa jina la kamchape. Roy Willis, mtafiti aliyeishi na Wafipa, aliliona na kuliandika lile la mwaka 1963 na 1964. Walioendesha zoezi walikuwa vijana, na walionyooshewa kidole zaidi walikuwa wazee wenye sauti katika koo. Uhuru ulikuwa na miaka miwili tu, kila mtu anasubiri maisha mapya, na kijana anajiuliza mbona bado mambo ni yale yale. Kamchape ilimpa jibu rahisi: wazee ndio wametubana.

Siku hizi vikundi hivyo vinaitwa pia lambalamba, na serikali huita kazi yao ramli chonganishi. Jina hilo la serikali nalipenda, linasema ukweli kuliko yote. Mbona hupendelea kiangazi? Sababu hazihitaji ramli. Barabara za vijijini zinapitika, watu hawana kazi nyingi shambani, na mahindi yameshauzwa, hela ipo. Mwezi Januari ukitaka kumsafisha mkulima wa Ufipa utamkuta ana jembe na deni tu.

Zoezi lenyewe liko hivi. Kwanza baadhi ya watu wa kijiji wanakubaliana kuwaita. Kila kaya inachanga. Anayekataa kuchanga ameshajitaja mwenyewe, si ndiyo? Kisha wanaingia nyumba kwa nyumba na kutoka na kitu: pembe, kibuyu, kitambaa chekundu. Mtu aliyeingia ndani kwako na mkoba wake, kwenye giza, huku wewe umezuiwa mlangoni, anashindwaje kutoka na pembe? Halafu unatozwa faini, unachanjwa chale, na wembe ukipita kwa watu wengi hapo ndipo hatari ya kweli ilipo, maana Ukimwi na homa ya ini haviogopi mganga.

Nina bibi yangu mdogo, dada yake bibi mzaa mama, kijiji sitakitaja. Kwake walitoka na pembe yenye shanga. Akasema "Wanangu, hii siyo yangu." Hakuna aliyemsikiliza. Macho yake mekundu, moshi wa kuni wa miaka sitini, yakawa ushahidi wa pili. Akahamia mjini kwa binti yake na ndoo moja ya nguo. Shamba lake leo linalimwa na yule yule aliyekuwa na kelele kuliko wote kwamba kikundi kiitwe. Sisemi zaidi. Ila toka siku ile, nikisikia kijiji kimesafishwa, swali langu la kwanza ni moja: nani amepata shamba?

Sasa nyie vijana wa mjini msicheke watu wa kijijini, maana na nyie mna ya kwenu. Inaitwa kusafisha nyota. Huna kazi, umeachwa na mchumba, umefeli mtihani, basi nyota yako imechafuliwa. Tuma hela ya kufungulia kitabu, halafu hela ya ubani, halafu ya kuku mweusi. Ukiingia mtandaoni utakuta na toleo la Kizungu: nishati ya mwili, aura, reiki. Hiyo reiki iliasisiwa Japani na Mikao Usui miaka ya 1920. Mtu anakuwekea mikono, anasema anapitisha nguvu. Hakuna kipimo kilichowahi kuionyesha nguvu hiyo. Lakini mtu kutulia nusu saa, mwingine akakusikiliza kwa upole, utajisikia nafuu, na nafuu hiyo ni ya kweli. Bibi zetu waliijua. Tatizo linakuja pale nafuu inapouzwa kama tiba. Mwaka 1995 kule Malawi maelfu kwa maelfu walimfuata Goodson Chisupe kunywa mchape wa Ukimwi. Mwaka 2011 sisi tukapanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha Babu Ambilikile Masapila, shilingi 500. Bei ilikuwa ndogo, lakini wapo walioacha dawa zao za hospitali, na hiyo ndiyo ilikuwa gharama.

Sisemi tiba asili yote ni uongo. Muhimbili wana taasisi ya tiba asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na kuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 inayotaka mganga asajiliwe na Baraza. Mganga wa mitishamba anakuuliza unaumwa wapi. Mpiga ramli anakuuliza unamshuku nani. Tofauti ni hiyo.

Na Sheria ya Uchawi, yenye mizizi toka mwaka 1928, inagusa pande zote: anayejidai ana uchawi na anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Pinda, mtoto wa huku huku kwetu, alitangaza kufuta leseni za waganga kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu albino. Mwaka 2015 wapiga ramli wakapigwa marufuku tena. Marufuku zinakuja na kuondoka, mahitaji yanabaki.

Kwa hiyo ukiambiwa unahitaji kusafishwa, jiulize hivi. Je, kuna mtu atatajwa jina? Je, nikikataa nitaonekana mbaya? Je, bei inapanda kila nikirudi? Je, nimeambiwa niache dawa za hospitali? Jibu likiwa ndiyo hata kwenye moja tu, ondoka. Na kikundi kikiitwa kijijini kwenu, piga simu nyumbani mapema, ongea na mwenyekiti, polisi wajue kabla pembe haijatoka. Ikishatoka, hakuna anayesikiliza tena.

Ukitaka usafi wa msimu, upo. Jifukize, funga, ungama, lipa deni, patana na ndugu yako kabla mvua hazijaanza. Hiyo ndiyo sumba wanga ninayoijua mimi.

Haya wadau, huko kwenu vikundi hivi vinaitwaje? Semeni, ila tafadhali msitaje majina ya watu.